Pombe ya tufaha kwenye joto la Hima

Matufaha yanayopangwa kwenye beseni kando ya barabara ya Hima, magharibi mwa Uganda, mengi yamesafiri mbali kuliko mtu anayeyanunua. Yametoka Afrika Kusini kwa meli, kontena na lori, yakapakwa nta ili yang'ae, na bei yake inaonyesha safari yote hiyo. Huuzwa moja moja. Watu humnunulia mgonjwa aliyelazwa au mtoto aliyeleta ripoti nzuri. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuyakamua apate saida, yaani pombe ya tufaha kama zile chupa za Savanna zinazouzwa kwenye baa za Kasese, huwa namuuliza kwanza kama amefikiria ndizi.

Simkatishi tamaa. Saida inatengenezeka nyumbani, hata Hima, hata Bwera. Ila vitabu na maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wenye miti ya tufaha uani na ghala lenye ubaridi wa kutosha. Ukiyafuata neno kwa neno utapata siki. Mwalimu wako wa karibu zaidi ni yule mama au mzee wa kijijini anayetengeneza tonto. Nenda ukamwangalie anavyofanya kabla hujatoa shilingi yako kununua tufaha la kwanza.

Utaona hivi. Ndizi za pombe hufukiwa shimoni au huwekwa juu ya moshi wa jiko siku kadhaa mpaka ziive zote kwa pamoja. Humenywa, hutiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi kavu, zikakandwa kwa miguu au kwa mikono. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi na kuiachia juisi itoke. Huongezwa maji, juisi huchujwa, kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba, na siku moja au mbili baadaye tonto iko tayari. Ukivuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kongo, kuelekea Kasindi na Beni, utaikuta ndugu yake, kasiksi, na watengenezaji wake wanajua mambo yale yale.

Katika kazi hiyo yamo mambo matatu unayoyahitaji. La kwanza ni kufunika: majani yale yanazuia vumbi na nzi wadogo wa matunda visiingie. La pili ni kwamba chachu ni kiumbe hai, hailetwi na uchawi wala maneno. Mtama ule, pamoja na mtumbwi wenyewe uliotumika miaka, unaleta chachu yake. La tatu ndilo ambalo wanaojaribu tufaha hulisahau: tunda la pombe si lazima liwe tunda la kula. Baganda wana mbidde, ndizi ambazo hakuna anayezipika matoke kwa sababu ni chungu na zinakausha ulimi, lakini kwenye mtumbwi ndizo zenyewe. Kule Herefordshire na Somerset, Uingereza, na Normandie, Ufaransa, wakulima nao wana matufaha ya pombe ambayo ukiyauma utayatema. Ule uchungu unaokausha ulimi ni tanini, na ndio unaoipa pombe mwili. Tufaha letu la dukani limezalishwa ili litafunwe: tamu, laini, lenye maji mengi. Ukilikamua peke yake unapata pombe nyepesi isiyo na ladha ya kukumbukwa.

Basi tunalisaidia. Kwa jaribio la kwanza lenga lita 5 tu, maana ukiharibu lita 20 za matufaha ya kununua utalia. Lita 5 za juisi zinataka kilo 9 hadi 10 za matunda kama unakamua kwa mikono. Chukua theluthi mbili mekundu au ya njano, Gala, Golden Delicious, chochote kilichopo, na theluthi moja Granny Smith, yale ya kijani yanayokunja uso. Mwombe muuzaji yale yaliyobonyea au kunyauka ngozi, maana hayo huyatoa kwa bei ya chini mwisho wa juma. Kubonyea si tatizo. Kuoza ni tatizo: kata sehemu iliyooza yote, na yenye ukungu tupa zima zima.

Tanini utaipata kwenye chai. Chemsha kikombe kimoja cha chai ya rangi, nzito kabisa, ya majani ya Fort Portal yaliyokaa ndani dakika kumi, iache ipoe, uimimine kwenye zile lita 5. Kama huna Granny Smith, ukali utoe kwa glasi ndogo ya juisi ya matunda ya pasheni au kwa limau moja. Mimi napendelea pasheni. Inastawi Kasese, ina ukali wa kutosha, na harufu yake inaungana vizuri na ya tufaha. Ukizidisha, lakini, utakuwa umetengeneza pombe ya pasheni. Onja juisi kabla ya kuichachusha: iwe tamu lakini ikushtue kidogo pembeni mwa ulimi. Ikiwa tamu tupu, ongeza ukali. Juisi yenye ukali hulinda pombe, kwa sababu bakteria wengi waharibifu hawaupendi.

Sukari usiongeze. Juisi ya tufaha huwa na sukari gramu 100 hadi 120 kwa lita, na hiyo inatoa kilevi cha asilimia 6 hivi, ambacho tayari kinazidi bia nyingi za chupa. Najua wapo watakaoongeza tu. Basi wajue kwamba kila gramu 17 kwa lita inapandisha asilimia moja, na kadiri unavyopandisha ndivyo ladha ya tufaha inavyozidi kufunikwa.

Kabla ya kukamua, sugua matunda kwa brashi na maji ya vuguvugu ili nta itoke. Usiyamenye. Toa kikonyo na mbegu, katakata vipande, kisha twanga kwenye kinu. Kama una friza, au jirani mwenye friza ya kuuzia samaki atakukubalia (funga vizuri!), gandisha vipande usiku mzima na uviache viyeyuke asubuhi. Barafu inapasua chembe za tunda, na juisi itatoka karibu bila kutwanga. Mimina rojo kwenye shashi au kitambaa cheupe kilichochemshwa, kusanya pembe zake, halafu mmoja ashike juu na mwingine azungushe. Juisi inatoka ya kahawia papo hapo. Usishtuke. Ni hewa tu imeigusa, na rangi itarudi kuwa ya dhahabu chachu ikianza kazi. Makapi mpe mbuzi au nguruwe siku hiyo hiyo, kidogo kidogo, kabla hayajachacha.

Kuhusu vyombo, hapa niruhusiwe kuwa mkali. Dumu lililobeba mafuta ya taa au dawa ya pamba halioshwi likasafika. Litupe, au lifanyie kazi nyingine isiyoingia mdomoni. La mafuta ya kula linasafika kwa macho lakini harufu inabaki. Nunua dumu jipya la lita 10 la plastiki ya chakula, na lingine la lita 5. Usitumie ndoo ya bati wala sufuria ya alumini kuhifadhia, kwa sababu ukali wa juisi unakula chuma na kukutilia sumu na ladha ya msumari. Osha kila kitu kwa sabuni, suuza, kisha loweka kwa maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha Jik kwa lita 5 kwa dakika kumi, usuuze tena mara mbili au tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Kifuniko, mrija, kitambaa, mwiko, mikono. Kazi ya kutengeneza saida, kwa kweli, ni kazi ya kuosha.

Mimina juisi kwenye dumu la lita 10 ili povu lipate nafasi. Toboa tundu kwenye kifuniko, pitisha mrija mwembamba, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa, na ncha nyingine iingie kwenye kikombe cha maji. Hewa inatoka, haiingii. Vitabu vitakutajia vidonge vya salfaiti vya kuua chachu ya porini, kimoja kwa karibu lita nne na nusu, na unangoja siku moja kabla ya kutia chachu yako. Ukivipata Kampala, vitumie. Usipovipata, tia chachu haraka na kwa wingi wa kutosha ili iwahi kutawala.

Chachu bora ni ya divai. Ile inayoitwa EC-1118 inavumilia joto hadi nyuzi 30, na pakiti yake moja ya gramu 5 inatosha hata lita 20. Hamira ya mkate kutoka dukani kwa jirani inafanya kazi pia, nusu kijiko cha chai kwa lita 5, ila haitui vizuri chini na inaacha harufu ya mkate mbichi. Vyovyote iwavyo, iamshe kwanza kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi na tano. Yakiunguza kidole, yataiua.

Na sasa joto. Hapa ndipo watu wa Hima, Kasese na Bwera tunapoachana na vitabu. Saida nzuri inataka nyuzi 15 hadi 22. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ule unaopigwa picha na watalii pale Kikorongo, chini ya mlima wenye barafu ambayo haitufikii, na mchana wa kiangazi unapita nyuzi 30 bila shida. Chachu yenyewe ikifanya kazi huzalisha joto, kwa hiyo katikati ya dumu ni moto kuliko chumba. Chachu iliyounguzwa haifi kimya kimya. Inatoa vilevi vizito vyenye harufu ya rangi ya kucha, na kesho yake kichwa kinagonga. Wengi hudhani tatizo ni tufaha au hamira, kumbe ni paa la bati juu ya chumba.

Dawa yake ni ya bei rahisi. Anza kazi jioni. Chagua miezi ya mvua, Machi hadi Mei, au Agosti hadi Novemba, wakati mlima wa Rwenzori unashusha ubaridi kidogo. Weka dumu kwenye pembe ya chumba chenye sakafu ya saruji, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, ndani ya beseni lenye maji ya kufika nusu yake. Livike gunia au kanga kuukuu, ncha zikiwa zimezama kwenye beseni. Maji yatapanda kwenye kitambaa na kukauka, na yakikauka yanachukua joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Fungua dirisha upepo upite. Badilisha maji asubuhi na jioni siku 4 au 5 za kwanza, maana ndizo siku chachu inapokuwa na nguvu zaidi. Nyumba ya matofali ya udongo iliyoezekwa nyasi, ile tunayoidharau siku hizi, ni bora kwa saida kuliko nyumba ya bati.

Kufikia asubuhi ya pili utasikia mrija ukitoa mapovu kwenye kikombe, kwanza moja moja, halafu mfululizo. Ukinusa mapovu yanapotokea utapata tufaha na mkate kwa pamoja. Ikija harufu ya yai bovu usimwage. Juisi ya tufaha ina lishe kidogo ya chachu, nayo ikishikwa na njaa hutoa gesi hiyo. Chemsha nusu kijiko cha hamira ya mkate kwenye maji kidogo, iache ipoe, imimine humo: chachu hai italishwa na hiyo iliyokufa. Harufu huondoka ndani ya siku chache.

Baada ya wiki mbili hivi mapovu yatakuwa yamepungua na matope ya chachu yametua. Hamisha kwa mrija, bila kuyatibua, kwenda dumu la lita 5, na ulijaze mpaka shingoni. Nafasi tupu juu ya pombe ni mwaliko kwa bakteria wa siki. Funga tena na mrija wake, liache wiki nne nyingine au zaidi. Hapa ndipo mtu wa tonto anaposhindwa, maana yeye amezoea kunywa kesho kutwa. Saida changa inanywewa, lakini ni kali na ya wingu. Ya miezi mitatu ni kinywaji kingine kabisa. Ikibaki na wingu hata baada ya kukaa, mara nyingi hiyo ni pektini, na haina madhara yoyote. Kunywa huku umefumba macho.

Utajuaje imekwisha? Mwenye haidromita atapima: juisi ilianza kwenye 1.045 hadi 1.055, sasa isome 1.000 au chini yake, na vipimo viwili vilivyopishana siku tatu visitofautiane. Asiye nayo aangalie mrija usiotoa povu wiki nzima, na aonje: utamu uwe umekwisha kabisa. Waliozoea chupa za dukani watakunja uso, kwa sababu zile hutiwa utamu baadaye kiwandani. Ukitaka utamu, tia sukari au juisi kwenye glasi wakati wa kunywa. Usiitie kwenye chupa ukaifunga.

Hilo nalirudia kwa sababu linajeruhi. Sukari ndani ya chupa iliyofungwa ni chakula kipya cha chachu, gesi haina pa kutokea, na kwenye joto letu chupa ya kioo hupasuka na vipande vikaruka. Anayetaka mapovu atumie chupa za plastiki za soda, safi, nusu kijiko cha chai cha sukari kwa kila chupa ya nusu lita, si zaidi. Azibonyeze kila siku. Zikiwa ngumu kama soda mpya, ziende kwenye friji na zinywewe ndani ya wiki chache. Asiye na friji anywe saida isiyo na mapovu. Haina kasoro yoyote, na huko Uingereza mashambani ndivyo wengi walivyokuwa wakiinywa.

Ikigeuka siki, nawe usilie. Siki ya tufaha ina bei kubwa kuliko saida, na kwenye kachumbari au achali ya embe itapendwa hata na wale wasiogusa pombe. Na kwa Waislamu na Waadventista, ambao hapa Kasese si wachache, kazi inaweza kuishia kwenye juisi: itie kwenye chupa za kioo, zipashe ndani ya maji ya nyuzi 70 hadi 75 kwa nusu saa vifuniko vikiwa vimelegea, kisha kaza. Inakaa miezi.

Kitu kimoja sitakielekeza, nacho ni kuipika saida iwe waragi, pombe kali ya kukenekwa. Mwaka 1965 Uganda ilitunga Sheria ya Enguli iliyotaka leseni kwa anayekeneka, na sababu za kuogopa zipo. Mwaka 2010 watu zaidi ya 80 walikufa wilayani Kabale kwa waragi iliyokuwa na methanoli. Juisi ya tufaha iliyochacha yenyewe ina methanoli kidogo mno, isiyodhuru. Kifo kinaletwa na kemikali za viwandani zinazochanganywa na wauzaji. Hata hivyo vyombo vya kienyeji vya kukenekea na tamaa ya faida havikai vizuri nyumba moja. Kuuza saida yenyewe pia si jambo la kubandika karatasi kwenye chupa: kuna leseni ya pombe, kuna alama ya ubora ya shirika la viwango, UNBS, kuna ushuru wa mamlaka ya mapato, URA. Tengeneza ya kunywa na wageni.

Wengi wataniuliza kama hawawezi kupanda miti yao wenyewe wakaachana na matufaha ya meli. Hima na Kasese mjini, hapana. Ni chini mno na moto mno, na mti utaota majani mazuri ya kivuli tu. Tufaha linahitaji ubaridi ili lijue wakati wa kuchanua. Kabale, huko Kigezi, wanalima aina mbili zinazoridhika na ubaridi mdogo, Anna iliyozalishwa Israeli na Dorsett Golden iliyotoka visiwa vya Bahamas, na hata hivyo wakulima hupukutisha majani kwa mkono baada ya mavuno ili mti udhani msimu wa baridi umepita. Mwenye shamba juu mlimani, kuanzia mita 1,800 hivi, aagize miche iliyobebeshwa kutoka Kabale, Anna na Dorsett pamoja, kwa sababu maua ya Anna yanahitaji chavua ya mwenzake. Matunda ya kwanza huja mwaka wa pili au wa tatu. Ni tunda la kula, kwa hiyo kikombe cha chai nzito bado kitahitajika.